Seti za kuanzia lakrosi: ya wanaume na ya wanawake hazibadilishani

Lakrosi ni mchezo wa kudaka, kubeba na kurusha mpira golini kwa fimbo yenye kichwa cha wavu. Seti ya kuanzia ya wanawake inaingia kwenye begi la shule: fimbo moja, miwani ya kinga, na pengine mpira mmoja wa njano. Ya wanaume inajaza begi la safari: helmeti, glavu, pedi za mabega, pedi za viwiko, na mara nyingi fimbo bado inauzwa kando. Bei nazo zimeachana hivyo hivyo. Mtu anayeagizia klabu au shule akiona pengo hilo hushawishika kubana matumizi: anunue fimbo za aina moja kwa wote, au wanaume waanze bila helmeti, au wasichana nao wapewe helmeti ili wawe salama zaidi. Njia zote tatu zinaishia pabaya, na sababu imo kwenye kitabu cha sheria.

Hapa tunazipima seti za aina hiyo zinazouzwa Marekani, ambako ndiko sehemu kubwa ya vifaa hivi hutoka. Maswali ni mawili tu. Je, kifaa kitapita mbele ya refa? Na je, kinaifanya kazi ambayo sheria za mchezo huo zinakidai? Uamuzi wetu tuuseme mapema. Seti ya wanawake ya bei ya chini inunuliwe bila wasiwasi, ila kifuko cha fimbo, yaani wavu wa kichwani unaobeba mpira, kikaguliwe. Seti ya wanaume inafaa kwa glavu na pedi za viwiko. Helmeti ichaguliwe peke yake, na pedi za mabega zisiguswe kabla ya kusoma lebo.

Sheria kwanza, maana bila hizo vifaa hivi havieleweki

Wanaume wanapigana vikumbo. Sheria za vyuo vya Marekani, yaani za NCAA, zinaruhusu kumsukuma kwa mwili mpinzani mwenye mpira, au aliye ndani ya yadi 5 za mpira usio na mwenyewe, mradi kikumbo kitoke mbele au ubavuni, juu ya kiuno na chini ya shingo. Fimbo ya mwenye mpira nayo inapigwa ili mpira umtoke. Kuna kifungu kimoja ambacho wanunuzi wengi hawakijui: mkono wenye glavu ulioshika fimbo unahesabiwa kuwa sehemu ya fimbo. Vidole vinapigwa kihalali, kuanzia mpira wa kwanza hadi filimbi ya mwisho.

Wanawake hawagongani. Beki anaruhusiwa kuipiga fimbo ya mwenye mpira kwa pigo fupi analolimudu, lisiloelekea kichwani. Kuzunguka kichwa kuna eneo la kama inchi 7, sawa na sm 18, ambalo fimbo yake haitakiwi kuingia. Mbele ya goli kuna tao la mita 8, na beki asiyemkaba mtu kwa umbali wa urefu wa fimbo hakai humo zaidi ya sekunde 3. Tena hata kama hajamgusa yeyote, akisimama kati ya goli na mshambuliaji anayetaka kupiga, bila kumkaba mtu, amefanya faulo. Kwa mgeni sheria hiyo inaonekana ya ajabu, lakini inamlinda beki mwenyewe: hana helmeti, na mpira ule ni mgumu kama jiwe. Faulo kubwa ndani ya tao inampa mshambuliaji mpira kwenye mstari wa mita 8, njia ya kwenda golini ikiwa imesafishwa.

Adhabu nazo hazifanani. Mwanamume anatolewa nje kwa sekunde 30 kwa kosa dogo la kiufundi, na kwa dakika 1 hadi 3 kwa kosa la kumwumiza au kumhatarisha mtu. Upande wa wanawake kuna kadi ya kijani, ya njano na nyekundu, na ya njano Marekani ni dakika 2 nje. Idadi ya wachezaji uwanjani pia ni tofauti: wanaume 10, kipa akiwemo, wanawake wa vyuo na shule za Marekani 12.

Mchezo wenyewe ni wa mataifa ya asili ya Amerika Kaskazini, Haudenosaunee wakiwa mstari wa mbele. William George Beers wa Montréal aliuandikia kanuni mwaka 1867, na wasichana wa shule ya St Leonards huko Scotland wakaanza kuucheza mwaka 1890. Wa wanawake ukabaki karibu na ule wa awali wa kukimbia, kupasiana na kukwepa. Wa wanaume ukazidisha vikumbo, na vikumbo vikaleta helmeti. Anayedhani wa wanawake ni wa wanaume uliopunguzwa makali ameshika historia kwa mkia.

Fimbo: hapa ndipo pesa nyingi hupotea

Kwa mbali fimbo mbili za kuanzia zinafanana. Mpini wa alumini, kichwa cha plastiki, wavu. Ukizishika pamoja utaziona tofauti.

Urefu ni jambo rahisi. Fimbo fupi ya mwanamume, ikipimwa pamoja na kichwa, ni inchi 40 hadi 42, yaani sm 101.6 hadi 106.7. Beki wa kiume anaruhusiwa fimbo ndefu ya inchi 52 hadi 72 (sm 132 hadi 183), na timu haiwezi kuwa na zaidi ya fimbo ndefu 4 uwanjani, ya kipa haihesabiwi. Ya mchezaji wa kike ni inchi 35.5 hadi 43.25 (sm 90 hadi 110), awe beki au mshambuliaji. Fimbo ndefu kwa wanawake haipo kabisa.

Kwa hiyo fimbo fupi ya kiume ya inchi 42 inapita kipimo cha urefu cha wanawake, na hapo ndipo mtego ulipo. Anayeagiza anaona urefu uko sawa, analipa. Siku ya mechi refa anaweka mpira kwenye kifuko, na fimbo inawekwa pembeni.

Kifuko ndicho moyo wa tofauti hii. Kwa wanaume, mpira ukikaa kwenye kifuko na fimbo ikashikwa mlalo usawa wa macho, sehemu ya juu ya mpira isiwe chini ya ukingo wa chini wa ukuta wa plastiki ulio ubavuni mwa kichwa. Ukiona mwanga kati ya mpira na ukingo huo wa chini, kifuko kimezidi. Kwa wanawake kipimo kiko upande wa pili wa ukuta: mpira ukisukumwa kwa nguvu ya kawaida kisha ukaachwa, sehemu yake ya juu lazima ionekane juu ya ukingo wa juu. Mpira una kipenyo cha zaidi kidogo ya sm 6, na nafasi kati ya vipimo hivyo viwili ni kimo kizima cha ukuta wa plastiki. Kifuko cha mwanamume anayekiona cha kawaida ni shimo la haramu kwa mwanamke.

Sababu inarudi kwenye vikumbo. Mwanamume anakimbia huku fimbo na mikono yake vikipigwa. Mpira ukikaa juu juu utamtoka kwa pigo la kwanza. Mwanamke anapigwa fimbo kwa kiasi, kwa hiyo sheria inahakikisha pigo hilo dogo linaweza kuutoa mpira. Bila kifuko kifupi beki wa kike asingekuwa na silaha yoyote. Ndiyo maana pia mchezaji wa kike anaubembeleza mpira kwa mizunguko mipana zaidi ya mikono na viganja: hana shimo la kumshikia mpira, anaushika kwa mwendo.

Katika fimbo za kuanzia za wanawake, kasoro inayojirudia ni kifuko kinachotoka dukani kikiwa kimekazwa mno, bapa kama meza. Mwanafunzi anadaka, mpira unaruka nje, anadhani hana kipaji. Dawa yake ni ya dakika chache. Fungua fundo la kamba ya chini, ile iliyo karibu na shingo ya kichwa, ilegeze kama sm 1, weka mpira katikati ya kifuko na ukandamize kwa gumba mara 30 hivi, kisha kaza fundo na upime tena kwa jicho kwenye ukingo wa juu. Mpira unatakiwa uchungulie juu kidogo tu. Ukichungulia nusu nzima bado kimekaza. Usipoonekana umelegeza kupita kiasi. Rudia hadi kikubali, na upime tena baada ya wiki, kwa sababu wavu mpya hunyooka.

Fimbo za wanawake za mtindo wa zamani zina kanda za ngozi zinazoshuka wima, zikiunganishwa na kamba zilizofumwa kwa mlalo. Wavu ulikuwa wa kipa peke yake kwa miaka mingi, lakini sheria za Marekani zimeufungulia mlango, na seti nyingi za sasa zina wavu au mchanganyiko wa wavu na kanda. Kwa anayeanza tunapendelea wavu. Ngozi ina hisia nzuri mikononi mwa anayeijua, lakini ikinyeshewa inavutika, kifuko kinazama na kuwa haramu katikati ya mechi. Ikikauka inakakamaa na kuhitaji kurekebishwa upya. Anayecheza Kampala msimu wa mvua akichagua ngozi ajue amejipa kazi ya pili.

Kwa wanaume kasoro ni kinyume. Fimbo za bei ya chini huja na wavu laini usio na nta, na ndani ya wiki kadhaa kifuko kimekuwa gunia. Mpira unachelewa kutoka na unaelekea chini, mchezaji anapiga ardhi badala ya goli. Refa naye akipima, katika sheria za shule za sekondari za Marekani kifuko kilichozidi ni dakika 1 nje bila kurudi mapema, na kichwa cha vipimo haramu ni dakika 3. Ukinunua fimbo ya bei ya chini, tenga pesa kidogo ya wavu mgumu wenye nta. Wavu wa kawaida una almasi 10 kwa upana, na kuufunga upya ni kazi ya saa moja kwa aliyewahi kuifanya. Kamba za kurushia, zile zinazopita mlalo karibu na mdomo wa kichwa, NCAA inataka zisishuke chini ya inchi 4 kutoka juu. Herufi V au U za kamba unazoziona kwenye fimbo za zamani za mitumba zinaangukia hapo.

Kichwa chenyewe ni plastiki, na plastiki haipendi joto. Fimbo ikiachwa ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la Mombasa au Dar es Salaam inalainika, na kama imebanwa chini ya mizigo inapoa ikiwa imepinda. Vichwa vya wanaume vinabanwa zaidi kwa sababu ya namna mchezo unavyoanzishwa: wachezaji wawili wanainama, fimbo zikiwa zimelazwa chini kila upande wa mpira, kisha wanakandamizana. Tangu msimu wa 2021 NCAA imekataza kupiga goti na ule mshiko wa viganja vyote viwili kutazama chini, mfano wa kushika pikipiki, lakini shinikizo kwa plastiki halijaisha. Kichwa kikibanwa hadi chini ya kipimo cha upana ni haramu hata kama kilinunuliwa halali. Wanawake wanaanza wakiwa wamesimama, vichwa vya fimbo vimepeana migongo juu ya usawa wa nyonga, mpira katikati, na lazima uruke juu ya vichwa vya wachezaji. Vichwa vyao havichakai kwa njia hiyo, na kwa kawaida fimbo ya kuanzia ya msichana inadumu kuliko ya kaka yake.

Mpini nao una siri yake. Wa wanaume una kipenyo cha inchi 1. Wa wanawake mara nyingi ni inchi 7/8, mwembamba kwa kiganja kisicho na glavu nene. Vichwa vingi vya wanawake vinakaa kwenye mipini yote miwili kwa msaada wa kipande kidogo cha kujazia kinachoingia shingoni. Kipande hicho kikipotea wakati wa kubadilisha mpini, kichwa kinacheza, skrubu inapanua tundu lake, na baada ya muda shingo inapasuka. Kabla ya kufungua skrubu tandika kitambaa cheupe chini. Hivi vipande ni vyepesi na vinapotea nyasini. Mpini wa alumini ukikatwa ili kumfaa mfupi, pima kichwa kikiwa kimeshafungwa, kata kwa msumeno wa chuma, piga tupa kingo hadi ziwe laini, rudisha kizibo cha mpira mwishoni. Mpini ulio wazi bila kizibo unakata kama bati na refa hauruhusu.

Kinga za wanaume: wapi pa kubana na wapi pa kutobana

Helmeti mpya za kuanzia ni takriban dola 150 na za juu zinapita 300. Cascade ndiyo chapa utakayoiona zaidi kwenye vichwa vya wachezaji wa Marekani, na modeli zake nyingi ni ganda la saizi moja linalorekebishwa nyuma. Hilo ni jema kwa klabu inayogawana vifaa. Kuivaa: ukingo wa mbele ukae kama sm 2.5 juu ya nyusi, macho yatazame katikati ya nafasi kati ya vyuma viwili vya juu vya uso, kidevu kikae ndani ya kikombe chake, na mikanda yote minne ifungwe. Shika helmeti izungushe taratibu: ngozi ya paji la uso inatakiwa kwenda nayo. Helmeti ikizunguka peke yake ni kubwa, haijalishi bei.

Soko la mitumba linahitaji macho zaidi. Lazima kuwe na alama ya NOCSAE, chombo cha Marekani kinachoweka viwango vya vifaa vya michezo. Mwishoni mwa mwaka 2014 NOCSAE ilibatilisha uthibitisho wa helmeti za Cascade R na Warrior Regulator baada ya kuonekana hazifikii kiwango. Cascade ikatoa marekebisho ya R na kuthibitishwa upya. Kwa hiyo R ya mitumba isiyojulikana kama ilirekebishwa iachwe ilipo. Nyingine yoyote, bana ganda kwa mikono miwili ukisikiliza mlio wa ufa, tazama povu la ndani kama limegawanyika, na kagua skrubu za vyuma vya uso. Zilizoota kutu zibadilishwe kabla ya mazoezi ya kwanza.

Pedi za mabega ndizo sehemu ambayo seti za bei ya chini na mitumba hukosea zaidi, na kosa lenyewe linaweza kuua. Mpira au kikumbo kikitua kifuani juu ya moyo, kwenye sehemu ndogo mno ya mapigo yake, moyo unaweza kuacha kupiga sawasawa papo hapo, hata kwa kijana mwenye afya tele. Kwa sababu hiyo NOCSAE ilitoa kiwango kiitwacho ND200. Mamlaka za lakrosi za Marekani zililazimisha makipa wavae kinga za kifua zenye kiwango hicho kuanzia Januari 2021, na wachezaji wa kiume wa uwanjani pedi za mabega za kiwango hicho kuanzia Januari 2022. Pedi ya kabla ya hapo inaweza kuwa nzuri, nene, na bado isiwe na sahani ya moyo. Tafuta maandishi ya ND200 na alama ya SEI, taasisi inayothibitisha vifaa vya usalama, kwenye kifaa chenyewe, siyo kwenye boksi. Isipokuwepo, pedi hiyo iwe ya mazoezi yasiyo na mpira. Tena hata yenye lebo haiondoi hatari yote. Mashine ya kushtua moyo ikiwepo uwanjani ina thamani kuliko seti kumi.

Glavu za kuanzia zinatosha. Kwa kuwa mkono ulioshika fimbo unapigwa kihalali, tazama mgongo wa gumba na vidole: povu liwe limekatwa vipande vipande ili vidole vikunjike, na gumba liwe na kinga isiyopinda nyuma. Saizi 12 ni ya kati kwa mtu mzima, 13 ni kubwa. Wachezaji wanaopenda kuigusa fimbo hukata kitambaa cha kiganja. Glavu iliyokatwa hivyo ni haramu. Pedi za viwiko zisiteleze ukikunja mkono, basi.

Kinga za wanawake: miwani, na ubishi wa kichwa

Wachezaji wa kike wa uwanjani Marekani wamelazimika kuvaa miwani ya kinga tangu msimu wa 2005, na kiwango cha sasa ni F3077 cha ASTM, shirika la kuweka viwango. Za kuanzia ni fremu ya waya au plastiki yenye povu kwa ndani. Kazi yake ni kuzuia mpira na fimbo visifike kwenye mboni, siyo kuzuia mtikisiko wa ubongo. Ijaribu kwa kutazama chini mguuni bila kuinamisha kichwa. Ikiziba mpira wa chini, mchezaji ataivua. Povu likivunjika chuma kinakaa kwenye mfupa wa shavu, hapo imekufa. Kinga ya meno ni lazima pande zote mbili, na shule za Marekani hazikubali isiyo na rangi au nyeupe tupu, kwa sababu refa hawezi kujua kwa mbali kama imevaliwa.

Helmeti ngumu kwa mchezaji wa kike wa uwanjani hairuhusiwi. Kinachoruhusiwa ni kofia laini ya kiwango cha ASTM F3137, kama zile za Hummingbird na Cascade LX, na Florida imezifanya lazima kwa shule zake. Wanaozipinga wanasema kichwa kikifunikwa mabeki watalegeza ile heshima ya inchi 7. Wanaoziunga mkono wanasema mpira hausomi sheria. Sisi tunaona hoja ya pili ina nguvu kwa mpira, na ya kwanza ina nguvu kwa fimbo. Kwa klabu yenye pesa kidogo, kofia laini ije baada ya miwani nzuri na refa anayepuliza filimbi mapema. Anayewavalisha wasichana helmeti za wavulana "kwa usalama" amewapa kitu ambacho hakitaingia mechi, na huenda amewafundisha kubamizana.

Kipa ndiye pekee ambaye vifaa vinakaribiana. Wa kiume na wa kike wote wanavaa helmeti, kinga ya koo, kinga ya kifua na glavu, na kichwa cha fimbo kinaweza kufika inchi 12 kwa upana. Wa kike kwa sheria za shule za Marekani anaongeza pedi za mapaja na miguu; wa kiume wengi wanaziacha ili wakimbie. Kipa wa kike atumie fimbo ya inchi 35.5 hadi 52 (sm 90 hadi 132), na hapa ndipo klabu inaweza kweli kugawana seti moja, ikikumbuka urefu huo.

Kwa anayeagiza kuleta Afrika Mashariki

Uganda ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kwenye mashindano ya dunia ya wanaume, Denver mwaka 2014, na wanawake wake walicheza Towson, Maryland, mwaka 2022. Wasichana wa Kenya chini ya miaka 19 walikuwa Peterborough, Kanada, mwaka 2019. Kwa hiyo swali la kuagiza vifaa si la kinadharia, na jibu lake limebadilishwa na Olimpiki ya Los Angeles 2028. Lakrosi itakayochezwa huko ni ya wachezaji 6 kila upande, kipa akiwemo, kwenye uwanja wa mita 70 kwa 36, robo nne za dakika 8, na kila shambulio lina sekunde 30 za kupiga goli. Kikosi ni cha wachezaji 12. Katika mtindo huu fimbo ndefu za mabeki wa kiume hazipo. Klabu mpya inayofuata mtindo huo isinunue hata moja.

Hesabu ya wanaume kwa kikosi hicho ni helmeti 12, pedi za mabega zenye ND200, glavu na pedi za viwiko, fimbo fupi 10 za wachezaji wa ndani na 2 za makipa, pamoja na za akiba 2. Helmeti ndizo zinazopandisha gharama ya usafiri, si kwa uzito bali kwa nafasi ambayo zinachukua kwenye boksi; jaza kila moja glavu ndani. Wanawake wanahitaji fimbo 10 na miwani 10, na seti mbili za makipa. Kwenye bei weka VAT, asilimia 16 Kenya, 18 Uganda na Tanzania Bara, na ushuru wa forodha juu yake. Tofauti ya gharama kati ya orodha hizo mbili ndiyo sababu klabu yenye akili huanza na timu ya wanawake.

Mipira isiachwe mwishoni kwenye orodha kwa sababu tu ni ya bei ndogo. Agiza angalau 36, yenye alama ya NOCSAE. Mzingo uwe inchi 7.75 hadi 8 na uzito gramu 142 hadi 149. Marekani wanawake wanatumia wa njano na wanaume kwa kawaida mweupe. Mpira mzee hauchakai kwa macho. Unang'aa, unateleza kwenye wavu na kutoka mapema, hivyo mchezaji anarekebisha fimbo yake kwa ajili ya mpira mbovu, kisha siku ya mechi anapewa mpya na kila pasi inashuka miguuni. Paka kidole juu yake: ukiteleza kama sabuni, upeleke kwenye ukuta wa mazoezi na uutoe kwenye mfuko wa mechi.